Tasnifu Inayosikika



Mtaa huu wetu wa Makongeni ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Baba yangu alikuwa mmoja wao, na hakujua kusoma. Barua ikifika kutoka nyumbani aliipeleka kwa jirani, mlango wa tatu, naye akaisoma kwa sauti huku sisi watoto tumechutama kizingitini. "Hebu rudia hapo pa ng'ombe," baba alisema. Jirani akarudia. Hadi taa inazimwa, baba alikuwa ameihifadhi barua ile neno kwa neno, na msomaji ameshasahau nusu yake.

Naanzia hapo kwa sababu baadhi ya wenzangu chuoni huona kwamba kusikiliza makala ya kitaaluma ni uvivu, kwamba aliyesikiliza hakusoma. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili haoni. Hutumia NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, ambayo humsomea kila kilichoandikwa kwenye skrini. Siku moja niliketi kando yake akisikiliza makala ya isimu kwa kasi ambayo sikushika hata neno. Akaipunguza kwa ajili yangu. Sentensi ilianza vizuri, ikakatwa katikati na namba ya ukurasa, jina la jarida na tanbihi nzima, ndipo ikarudi kumalizia kitenzi chake. Ilipofika kwenye jedwali, tarakimu zilimwagika tu, huwezi kujua ipi ni ya nini. Makala ya pili ilikuwa kimya kabisa. Kurasa zake zilikuwa zimepigwa picha, na programu haikupata herufi za kusoma. "Hii haina maneno, Mwalimu," akasema, akaifunga.

Sheria si kikwazo kama ilivyokuwa zamani. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu maandishi kugeuzwa yawafae wasioona bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki. Kikwazo kilichobaki kiko mikononi mwetu tunaoandika, tunaohariri na tunaohifadhi.

Wala tusisingizie kwamba Kiswahili hakina sauti. Mwaka 2005, kwenye kongamano la Lisbon, Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwasilisha mfumo wa kusoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti. Lugha yetu huirahisishia mashine kazi: neno husomwa lilivyoandikwa, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Yapo yanayotega, kama "barabara", ambayo huwa njia au huwa sawasawa kulingana na mahali pa mkazo, lakini ni machache.

Ugumu uko kwenye tarakimu, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo. Mtu akiandika "watoto 3, vitabu 3, miti 3", ninyi mtasoma watatu, vitatu, mitatu, bila kufikiri. Mashine inabidi irudi nyuma, iitafute nomino, iitambue ngeli yake. Ikishajua hivyo, ijue pia kwamba mbili, tatu, nne, tano na nane hubadilika, ilhali sita, saba na tisa hazisogei: watoto wanane, lakini watoto tisa. Matini hiyohiyo ikisomwa kwa sauti ya Kiingereza, mwaka 1963 hutamkwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili, na "wanawake" nimeisikia ikiishia "weik". Msikilizaji atafuata hoja gani hapo?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tasnifu isiyoweza kusomwa kwa sauti isipokewe maktabani. Ikabidhiwe ikiwa maandishi, si picha za kurasa. Kichwa cha sura kiwekwe alama ya kichwa ndani ya faili, maana kukoza wino pekee hakumwambii kitu asiyeona. Mchoro uelezwe kwa maneno. Na msimamizi asikilize japo sura moja kabla ya kutia sahihi. Sentensi iliyompotea mwandishi wake hujulikana haraka zaidi sikioni. Hayo yatamfaa pia kijana wa hapa mtaani anayesoma jioni baada ya kazi, aliyesimama ndani ya matatu Jogoo Road, mkono mmoja juu kwenye chuma na mwingine umebana begi. Saa hiyo hana mkono wa kushikia karatasi.

Mwanafunzi niliyemtaja yuko nasi leo, safu ya mbele. Mhadhara huu aliusikiliza jana usiku kwenye simu. Hoja hakuzigusa. Aliniomba tu jedwali moja la ngeli na tarakimu niligeuze liwe maneno, na ndiyo ile aya ya watoto, vitabu na miti mliyoisikia.