Kijana Anapokaribishwa Kilabuni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani, katika nchi yetu mtu akisema "kilabu" mara nyingi hakusudii mpira. Hukusudia mahali inapopikwa na kunywewa pombe ya kienyeji. Kutoka Mwaloni Kirumba mpaka visiwa vya Ukerewe, dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukipevuka taa hazifai kitu, na mvuvi kijana aliyetoka mbali hubaki siku kadhaa bila kazi na bila jamaa. Ndipo anapokaribishwa. Wala haambiwi anywe, huambiwa, "Njoo utusaidie." Atachota maji, ataloweka mtama mpaka uchipue, ataanika kimea na kukitwanga, atakoroga chungu. Baada ya miezi miwili ameaminiwa kuonja kama imekolea.

Kijana wa namna hiyo husema kwa unyofu: mimi sinywi, najifunza kupika tu na wenzangu, tena hii si mvinyo wa ng'ambo, ni mtama wa shamba letu. Haifai kumkemea kabla ya kumjibu, kwani swali lake si jipya. Abu Musa al-Ash'ari, alipotumwa Yemen, alimwuliza Mtume (s.a.w.) habari za vinywaji viwili vya huko, kimoja cha asali na kingine cha shayiri. Akajibiwa kwamba kila chenye kulewesha kimeharamishwa. Jibu halikutazama nafaka wala chungu. Basi wanzuki wetu wa asali na pombe yetu ya mtama vimo humo humo.

Ama kupika bila kunywa, hadithi aliyoipokea Tirmidhi yataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi, na mwenye kukamua ametajwa kabla ya mnywaji. Yumo pia mbebaji. Mikono ya kijana huyu imo hesabuni, hata kama kinywa chake ni kikavu.

Lakini mtama haukukatazwa. Ibn Abbas amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu, akanywa maji yake siku ile, na ya pili, mpaka jioni ya tatu, kisha kilichobaki hunyweshwa mwingine au humwagwa. Togwa ni kinywaji cha kimea hicho hicho, nayo ni halali maadamu haijageuka kuwa kilevi. Anayependa kupika, na apike hiyo, ahesabu siku zake.

Sasa tujikabili sisi wenyewe. Mvuvi mgeni huswali nasi safu ya nyuma Ijumaa tatu, nne, na hakuna amwulizaye jina. Kilabuni huulizwa usiku wa kwanza, akapewa na kigoda. Je, tushangae alikokwenda?

Kwa hiyo twawaomba wenye nyumba zilizo karibu na mialo: mbalamwezi ijayo, baada ya sala ya Magharibi, kila mmoja amshike mkono kijana mmoja asiye na kwao hapa, amkalishe kwa ugali na togwa ya siku ile, amwulize habari za mama yake.

Twasema haya, na twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi nanyi.