Nguvu Isiyo na Mshiko

Leo nasema na vijana wanaopeleka magari gereji ili injini ziongezwe nguvu. Magari mengi yanayotufikia kutoka Japani hayabadilishi gia moja, mbili, tatu. Ndani ya giaboksi mna puli mbili na mkanda wa chuma. Puli hujipanua na kujibana, na mwendo hubadilika taratibu. Ufundi huu ulikuwamo katika DAF 600 ya Uholanzi tangu 1958, mkanda ukiwa wa mpira.

Mkanda huo haushiki kwa meno, bali kwa kubanwa na puli zinazosukumwa na shinikizo la oili. Injini ikizidishiwa nguvu na giaboksi ikiachwa vilevile, mkanda huteleza, puli hukwaruzika na chembe za chuma huingia kwenye oili. Hapo utasikia injini ikinguruma na gari haliendi. Je, likitokea hilo ukiwa unapita lori, na mbele yako basi linakuja?

Kwa hiyo, nawaomba: kabla ya kuongeza nguvu, muulizeni fundi kama giaboksi itaihimili. Na oili iwe ile iliyoagizwa kwa giaboksi hiyo, si yoyote iliyopo dukani. Abiria wenu hawakuomba mbio, waliomba kufika.