Maharamia wa Sinema na Mabaharia wa Semlow

Mazungumzo yangu ya leo yanatoka Oxon Hill, mji mdogo wa jimbo la Maryland ulio kando ya mto Potomac, kusini kidogo ya Washington. Hapo ufukweni, katika eneo la National Harbor, tangu mwaka 2008 ipo sanamu ya jitu linaloinuka kutoka mchangani, kinywa wazi. Watoto hulipanda watakavyo. Jumapili moja niliwakuta wanangu wameligeuza merikebu, mmoja akijiita Nahodha Jack Sparrow. Walikuwa wamekwisha kutazama filamu zote tano za Pirates of the Caribbean, nami nilizitazama pamoja nao, kwa uvumilivu zaidi kuliko furaha.

Ile ya kwanza, ya mwaka 2003, naisifu hadi leo. Ilitokana na mchezo wa mashua uliofunguliwa katika bustani ya Disneyland mwaka 1967, asili isiyotia matumaini makubwa. Lakini kisa chake kilishikika: mabaharia wamelaaniwa kwa sababu ya dhahabu waliyoitwaa, na laana haiwatoki mpaka wairudishe yote, sarafu kwa sarafu, na kulipa kwa damu. Hata asiyejua Kiingereza aliweza kuufuata mkasa huo. Johnny Depp, kwa mwendo wake wa kilevi, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Filamu ya pili ilitoka Julai 2006, ikachuma zaidi ya dola bilioni moja duniani. Mimi niliiona hapa hapa Oxon Hill, ukumbi umejaa. Sina ugomvi na Davy Jones, yule nahodha mwenye ndevu za mikono ya pweza. Filamu hiyo ilipata Oscar ya picha za ufundi, na ilistahili. Ugomvi wangu ni na kisa. Kuna ufunguo, kuna sanduku, kuna moyo ndani ya sanduku, kuna dira, kuna deni, na kila mtu anakitaka kimoja kwa siri asiyoijua mwenzake. Mwishowe hadithi haikwishi. Tukaambiwa tungoje Mei 2007. Hiyo ya tatu ikachukua karibu saa tatu, watu wakisalitiana hata nikapoteza hesabu. Katika baraza lake la wakuu tisa wa maharamia yumo Mwafrika, anayechezwa na Hakeem Kae-Kazim, mzaliwa wa Nigeria mliyemwona katika Hotel Rwanda ya mwaka 2004. Nilimsubiri aseme neno la maana. Nilisubiri sana. Ya nne, ya mwaka 2011, na ya tano, ya 2017, sina la kuzieleza, isipokuwa kwamba ya nne nayo ilivuka dola bilioni moja.

Lakini ninayo sababu nyingine, na sikuipata katika shule ya uandishi wa habari. Mwishoni mwa Juni 2005, maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Semlow iliyotoka Mombasa, ikiwa imepakia tani 850 za mchele wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa ajili ya Wasomali walioathiriwa na tsunami ya Desemba 2004. Mabaharia walikuwa kumi: nahodha kutoka Sri Lanka, Mtanzania mmoja na Wakenya wanane. Walishikwa takriban siku mia moja. Nilikuwa zamu ya habari miezi hiyo, na kila juma nilitafuta sentensi mpya ya kusema kwamba bado hawajaachiliwa.

Mwaka uliofuata nikaketi sinemani nikiona dude la baharini likiizamisha meli ya biashara pamoja na mabaharia wake. Hakuna aliyewaomboleza, watazamaji walishangilia. Katika filamu ya kwanza dhahabu ilikuwa na gharama. Katika hizi zilizofuata, baharia wa kawaida ni kuni tu za kuchochea moto. Niwe mwadilifu: ya tatu inafunguka kwa watu wanaonyongwa safu kwa safu, hata mtoto mdogo, na dakika hizo chache zina uzito wa kweli. Kisha zinasahauliwa.

Hollywood ilikuja Bahari ya Hindi mwaka 2013 kwa Captain Phillips, kisa cha Maersk Alabama iliyotekwa Aprili 2009 ikielekea Mombasa. Barkhad Abdi, Msomali wa Minneapolis, alimcheza kiongozi wa maharamia, na uso wake ulionyesha njaa ambayo filamu tano za Karibi hazikuionyesha. Hata hivyo, nahodha wa kukombolewa alikuwa Mmarekani.

Basi Jumapili ile niliwasimulia wanangu habari za Semlow. Mdogo akauliza, "Baba, walirudi?" Nikamwambia waliachiliwa Oktoba, wote kumi. Akataka kujua filamu yao iko wapi. Nikamjibu kwamba sijapata kuiona. Akaniuliza tena jina la meli, nikamtajia, naye akarudi kulipanda jitu.