Waya wa Kijani na Manjano

Leo tumewaletea habari ya nyumbani kabisa. Twapenda kuzungumza nanyi juu ya mtu anayebadilisha mwenyewe shawa ya umeme, yaani kile chombo cha bafuni kipashacho maji moto papo hapo.

Hapa Ekerenyo asubuhi ni baridi, nanyi mwajua. Kwa miaka mingi maji ya kuoga yalitoka katika sufuria juu ya kuni. Kisha mwaka 2015 Serikali ilianza mpango wa kufikisha stima vijijini, na ada ya kuunganishiwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Nyumba nyingi zikapata taa, na baada ya taa watu wakatamani maji ya moto. Bonasi ya chai ikilipwa, baba hununua shawa. Ikiungua, hununua nyingine, na kwa kuwa alimtazama fundi akifunga ile ya kwanza, husema, "Hii nitaifunga mimi mwenyewe."

Hatumcheki. Kufungua chombo cha zamani, kuzungushia bomba ule utepe mweupe, kukaza kipya hadi kisivuje, ni kazi ya mtu yeyote mwenye subira. Lakini shawa hii si bomba tu. Katika nyingi ya hizi, ule waya unaopasha moto umelala wazi ndani ya maji yenyewe, na maji hayo ndiyo yanayomwangukia mtu kichwani. Ndiyo sababu chombo kina nyaya tatu. Mbili huleta stima na kuirudisha. Wa tatu, wa kijani na manjano, huenda hadi kwenye fimbo iliyopigwa ardhini, ili stima ikivuja ipite huko isipite mwilini.

Basi lipo jambo linalotusumbua. Ukiukata waya huo wa tatu, shawa hufanya kazi vilevile. Maji huwa moto, nyumba hufurahi, wala hakuna anayejua. Wapo wanaoukunja na kuuficha ukutani kwa kuwa nyumba haina fimbo ya ardhini. Anayekuja kulipa si yeye aliyefunga. Ni mama mzee au mtoto, ambaye hakuulizwa.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mjenzi wa nyumba mpya aliagizwa kuzungushia dari ukuta mdogo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Ukuta ule haukuongeza chumba wala kuzuia mvua. Ulikuwa kwa ajili ya mwingine.

Tena tuangalie nguvu yenyewe. Shawa ya wati 5,500 kwa stima yetu ya volti 240 huvuta kama ampea 23. Plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Kwa hiyo shawa haichomekwi ukutani kama pasi, wala haiungwi na waya wa taa. Hutaka waya wake mnene, wa milimita 6 za mraba, kutoka kwenye boksi la stima, na swichi yake ya kujikata. Kazi hiyo ya nyaya mwachieni fundi mwenye leseni ya EPRA. Ndivyo sheria inavyotaka.

Na wewe unayeshughulikia bomba, zima swichi kubwa ya nyumba, usitegemee ile ya bafuni. Waambie watoto, ubandike na karatasi. Usifanye kazi kwa kuwa tokeni zimekwisha au stima imepotea kijiji kizima. Kupotea si kuzimwa, na hurudi bila kubisha hodi. Chombo kikishafungwa, kabla ya kurudisha stima, fungua maji yatiririke hadi hewa yote itoke, kwa maana kikiwashwa kikavu huungua mara moja.

(Nasi wa Kisii na Nyamira twaijua radi. Ikinguruma, bafu na lingoje, hata kama fimbo ya ardhini ni njema.)

Huenda mmoja wenu ana shawa inayomwashawasha vidole agusapo bomba, naye amezoea. Ndugu, hiyo ni stima inavuja. Izime leo, usingoje Jumamosi. Mwite fundi aje na kipimo chake, apime huo waya wa kijani na manjano toka shawa hadi ardhini. Mwulize pia juu ya ile swichi inayokata stima inapovuja miliampea 30. Inawekwa kwenye boksi. Akisema atafika keshokutwa, sufuria bado iko jikoni.