Kinywaji, Biashara na Udugu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo)



Kamati imenitwika mzigo ambao nisingeuchagua mwenyewe. Mmoja wa watoto wetu aliomba ruhusa ya kuweka meza katika ukumbi huu, awauzie jamaa kinywaji cha afya na kuwaandikisha wale watakaopenda kukiuza pamoja naye. Wajumbe waligawanyika. Wako waliosema kwamba huyu ni mtoto wetu, na riziki yake ni riziki yetu. Wako waliosema kwamba huo ni utapeli mtupu. Nikaombwa niseme neno kwa sababu mbili: nimeandika hesabu za biashara za watu kwa miaka thelathini, na niliwahi kuingia katika biashara ya namna hiyo mimi mwenyewe.

Kwanza tutenganishe mambo ambayo watu huyachanganya. Upatu tunaoucheza katika ukoo huu si jambo la kuogopwa. Watu kumi wakitoa pauni mia kila mwezi, kila mmoja atapokea pauni elfu kwa zamu yake. Hakuna anayetajirika kwa mwenzake, na mchezo hauhitaji mtu wa kumi na moja. Piramidi ni kinyume chake. Humo aliyetangulia hulipwa kwa fedha za aliyefuata, na siku wafuasi wakikoma, walio chini hupoteza vyote. Jamaa zetu wa Tanzania wanaikumbuka DECI, iliyowaahidi watu kupanda na kuvuna, hadi serikali ilipoingilia kati mwaka 2009.

Biashara ya mtandao imesimama baina ya hayo mawili. Ina bidhaa, lakini pia ina malipo kwa ajili ya watu uliowaingiza. Kwa hiyo kuiona chupa mezani hakutoshi kuthibitisha uhalali wake, na kusikia neno mtandao hakutoshi kuuthibitisha uharamu wake. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliamua kwamba kampuni ya Amway haikuwa piramidi. Sababu mojawapo ni kwamba ilikuwa na kanuni za kurudisha bidhaa zisizouzwa na za kuwataka wauzaji wawe na wateja wa kweli. Hata hivyo, Tume hiyo hiyo iliikuta na kosa la kutia chumvi katika habari za mapato.

Kwa upande wa pili, mwezi Agosti 2015 Tume iliishtaki kampuni ya Vemma ya Arizona, iliyouza vinywaji vya afya na kuwavuta vijana wa vyuo vikuu. Vijana hao walihimizwa kuanza kwa kununua bidhaa za dola 600 hivi, kisha waendelee na dola 150 kila mwezi. Shauri lilimalizika kwa makubaliano Desemba 2016, na kampuni ikazuiwa kutumia mfumo wa malipo usiotegemea mauzo kwa wateja halisi. Mwaka huo huo Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake. Mwanzoni mwa 2017 hundi zilipelekwa kwa watu wapatao 350,000.

Sasa nitoe ushahidi wangu. Mwaka 2011 niliingizwa katika kampuni moja, ambayo sitaitaja, na binamu yangu ninayempenda. Yumo humu ukumbini, naye ameniruhusu nisimulie. Nililipa pauni 140 za kuanzia, kisha pauni 120 za chupa kila mwezi kwa miezi kumi. Jumla ni pauni 1,340. Petroli na chai za mikutano zilinigharimu pauni 95. Nilipata kamisheni ya pauni 86, na chupa nilizouza zikaniingizia pauni 210. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi mwandishi wa madaftari ya watu sikuwa na daftari langu. Mke wangu ndiye aliyeniketisha mezani tukaandika, na tukaona nimepoteza pauni 1,139.

Lakini si fedha iliyoniuma. Wanunuzi wangu walikuwa saba, na wote saba ni watu wa ukoo huu. Hakuna mgeni hata mmoja aliyenunua. Walinunua kwa kunistahi, si kwa kiu. Nami kwa miaka miwili sikuijibu simu ya binamu yangu, kwa kuwa kila ilipolia nilidhani ni habari za chupa. Mama yake alifariki katika muda huo, na habari za msiba nilizipata kwa watu wengine. Hasara hiyo hakuna daftari linaloweza kuiandika.

Kwa hiyo nawapeni maswali ambayo mtu aulize kabla ya kutoa senti.

La kwanza: fedha zinatoka wapi? Zikitoka kwa wanywaji wasio wanachama, hiyo ni biashara. Zikitoka hasa kwa wanachama wanaonunua ili wapate haki ya kulipwa, hiyo ni piramidi iliyofunikwa kwa chupa.

La pili: je, mtu asiyekujua angekinunua kwa bei hiyo? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

La tatu: je, unalazimika kununua kila mwezi ili usipoteze cheo chako?

La nne: bidhaa ikikudodea, itarudishwa, na kwa kiasi gani? Hapa Uingereza kanuni zilizotungwa mwaka 1997 zinamkinga anayeingia asitozwe zaidi ya pauni 200 katika siku saba za mwanzo, na zinampa siku 14 za kujitoa. Anayekuharakisha utie saini usiku huo huo anazikimbia siku hizo.

La tano: hesabu iko wapi? Usipokee picha ya gari la mtu mmoja. Omba maandishi yanayoonyesha mapato ya wanachama wote, kisha utoe gharama. Na ukiambiwa uingize watu sita tu, na kila mmoja aingize sita, fanya hesabu hiyo mpaka mwisho. Ngazi ya kumi na moja itahitaji watu zaidi ya milioni 362, nao ni wengi kuliko wakazi wote wa Marekani. Ngazi ya kumi na tatu itawapita wanadamu wote waliomo duniani.

La sita ni la kinywaji chenyewe: linganisheni maandishi ya chupa na maneno ya muuzaji. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, virutubisho huingia sokoni bila kuidhinishwa kwanza na serikali, na chupa inayodai faida fulani kwa mwili sharti iandikwe pia kwamba haikukusudiwa kutibu ugonjwa wowote. Mdomo ukisema kinaponya kisukari na chupa ikasema hakitibu kitu, iaminini chupa. Na kutoka katika matunda si kinga ya madhara. Maji ya balungi huvuruga baadhi ya dawa za shinikizo la damu, na juisi zenye potasiamu nyingi huweza kumdhuru mwenye figo dhaifu. Shangazi yetu mmoja aliziacha dawa zake za presha kwa kuambiwa kinywaji kinatosha. Alipelekwa hospitali usiku wa manane. Tunashukuru amepona, nasi tunaye leo.

Ndugu zangu, simhukumu mtoto wetu. Ana bidii, na bidii si aibu. Napendekeza meza isiwekwe leo, naye apewe maswali haya sita ayajibu kwa maandishi. Majibu yakiwa mema, atakayependa kinywaji akinunue kama anavyonunua maziwa, bila kuandikishwa. Yakiwa mabaya, tumsaidie atoke, na asichekwe. Aliyekwishapoteza fedha asijifiche. Aje kwangu na karatasi zake, tukae tuzipange.

Ama udugu wetu, huo tuuache nje ya orodha ya wateja. Mtu akikupigia simu usiku, uwe na hakika kwamba anakutafuta wewe.