Nani Aliyeona?

Dominika ya Tatu ya Mwaka C



Injili ya leo yaanza kwa maneno ambayo wengi wetu huyapita haraka, kama mtu arukaye salamu za barua ili afike penye habari. Katika aya nne za mwanzo wa kitabu cha Luka hata jina la Yesu halimo. Luka anaeleza kwanza kazi yake. Anasema kwamba wengine wamekwisha kuandika kabla yake, kwamba habari hizo zilitoka kwa watu walioona kwa macho yao tangu mwanzo, na kwamba yeye mwenyewe amezichunguza zote kwa makini kabla ya kumwandikia Theofilo, ili huyo apate uhakika wa mafundisho aliyoyapokea.

Luka hakuwa miongoni mwa walioona, wala hajifanyi kuwa aliona. Anakiri wazi kwamba amepokea kwa wengine, na anatuambia amepokea kwa watu wa namna gani. Hakuogopa kwamba imani ya Theofilo ingepungua kwa kujua habari zimetoka wapi. Na hapa twapenda kuwaambia makatekista wetu neno moja: mkatekumeni anayewauliza, “Mwalimu, jambo hili limeandikwa wapi?” hawakosei heshima. Yuko upande wa Theofilo.

Somo la kwanza, kutoka kitabu cha Nehemia, latupeleka Yerusalemu, katika uwanja ulio mbele ya Lango la Maji. Ezra kuhani analeta kitabu cha Sheria. Angeweza kuwasomea wakuu peke yao, kisha wakuu wakawapelekea watu kadiri walivyopenda. Hakufanya hivyo. Walikusanyika wanaume na wanawake, na kila aliyeweza kufahamu. Ezra akapanda juu ya jukwaa la miti, akakifungua kitabu machoni pa watu wote, akasoma tangu asubuhi hata adhuhuri. Na kwa kuwa kusomewa tu hakutoshi, Walawi waliwaeleza watu maana yake. Watu walilia. Sisi twadhani si huzuni ya dhambi tu iliyowaliza. Mtu hulia pia anaporudishiwa kilicho chake.

Basi katika Dominika moja twapewa mambo mawili, habari iliyowekwa wazi na habari iliyochunguzwa, nayo hayaachani. Yakikosekana, watu huumia.

Hapa kwetu Tanzania tumeyaona. Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa mwezi Machi 2020, na kwa majuma kadhaa tulikuwa tukipewa hesabu ya wagonjwa. Kisha hesabu zikakoma. Takwimu za mwisho kulifikia Shirika la Afya Duniani, mwanzoni mwa Mei 2020, zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21; baada ya hapo ukapita zaidi ya mwaka mzima wa kimya, hadi katikati ya mwaka 2021. Katika kimya hicho Baraza la Maaskofu lilitoa waraka, Januari 2021, likionya kwamba kuna wimbi jipya la ugonjwa na kuwataka waamini wajikinge. Waraka ule ulikuwa na sahihi. Ulijulikana umetoka wapi, na asiyekubaliana nao alijua amwendee nani.

Lakini mahali pengi pengo lile lilijazwa na vitu visivyo na sahihi. Watu wenye njaa ya habari hawakai na njaa, watakula chochote. Zilitujia katika simu sauti za mtu aliyejiita daktari wa hospitali kubwa, bila jina la daktari wala la hospitali, na chini yake maneno tuliyoyazoea: nimetumiwa, nami natuma. Angalieni maneno hayo, wapendwa. Mtu anasema kwa kinywa chake kwamba hajui, na papo hapo anaeneza.

Tusiwanyoshee wengine kidole. Chanjo ilianza kutolewa nchini mwishoni mwa Julai 2021, na Dominika moja ya mwezi uliofuata, baada ya Misa, wakati wa matangazo, sisi tuliosimama mimbarini tulisema hivi: tunasikia kuna watu wanaochomwa chanjo bila kuulizwa wanapokwenda kliniki kwa shida nyingine, basi tuwe waangalifu. Tulisema kwa nia njema. Hatukuwa tumeona, wala hatukumjua aliyeona. Tulisema “tunasikia”, tukadhani neno hilo latuondolea lawama.

Katika jumuiya yetu mmoja kulikuwa na mama mwenye shinikizo la damu. Kila mwezi alikwenda kliniki kuchukua dawa. Akaacha kwenda. Mwezi wa tatu alianguka kwa kiharusi, na tangu siku ile mkono wake wa kushoto haunyanyuki. Tulipokwenda kumwona tulimuuliza, tena kwa ukali kidogo, nani aliyemdanganya. Alimtaja jirani. Jirani akamtaja mwanakwaya. Mwanakwaya alitutazama kwa haya, akasema, “Baba, niliisikia kwenu.”

Tulirudi mimbarini Dominika iliyofuata tukasema wazi kwamba tulikosea na kwamba hatukuwa na shahidi yeyote. Waliosikia masahihisho ni wachache kuliko walioeneza uvumi. Ndivyo ilivyo, wala hatuna la kujitetea. Lakini tangu hapo hatusomi tangazo lisilo na jina la aliyelileta. Halmashauri ya parokia ilipoomba hesabu za fedha zisomwe kanisani kila baada ya miezi mitatu na kubandikwa mlangoni, tulikubali bila kusita, ingawa wapo waliosema kwamba zitaleta maneno. Maneno yalikuwapo tangu zamani. Sasa anayetaka kusema anaweza kwanza kusoma, na mara moja msomaji mmoja amegundua kosa la kujumlisha, nasi tukalirekebisha.

Kuna atakayeuliza: je, mkulima asiye na elimu ya udaktari atachunguzaje habari za udaktari? Mtume Paulo amejibu katika somo la pili, anapowaandikia Wakorinto juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Jicho haliwezi kuukana mkono. Si kila mmoja wetu ni jicho katika kila jambo, na hakuna aibu kwa mkono kuuliza jicho. Katika habari za dawa, jicho la jumuiya ni yule muuguzi anayesali pamoja nasi kila Jumamosi, ambaye mara nyingi tunampa kazi ya kupanga viti. Katika habari za mipaka ya shamba ni mzee aliyekuwapo siku ya kupima. Swali la kuwauliza ni jepesi, hata mtoto aweza kulitamka: nani aliyeona? Na akijibu kwamba hakuona ila aliambiwa, tumuulize aliambiwa na nani, kisha tumfuate huyo. Safari hiyo inachosha. Luka aliifanya.

Yule mama tunampelekea Komunyo nyumbani kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Mara ya mwisho alitutolea vidonge vipya alivyoandikiwa, akatuuliza kama ni salama kuvimeza pamoja na vile vya zamani. Tulimwambia kwamba hatujui. Tukampigia simu muuguzi palepale, tukampa mama simu mkononi, nao wakazungumza wenyewe.