Kashata Darasani: Kwa Nini Watoto Wapike Sufuria Mbili

Kupika kashata pamoja na watoto si sayansi kwa sababu tu jiko limewashwa na sukari imeyeyuka. Mtoto anaweza kusimama pembeni, akatazama, akaonja, akafurahi, na asiondoke na lolote zaidi ya yule aliyenunua kashata yake gengeni. Hoja ninayoileta katika semina hii ni kwamba upishi huu huwa somo pale watoto wanapopika sufuria mbili kwa wakati mmoja, zilizo sawa kwa kila kitu isipokuwa jambo moja, na kila mtoto akawa ametamka kabla ya kupika ni nini anachotarajia kitokee na kwa nini.

Kashata zenyewe zimeshatupa ushahidi wa kuanzia. Kashata ya nazi ukiivunja unaona chenga. Ile ya karanga iliyopikwa kwa sukari iliyoyeyushwa bila maji huwa ngumu, hung'aa, na hukatika vipande kama kioo. Sukari ni ileile iliyochotwa mfuko mmoja. Tofauti imetokana na safari iliyopitia. Katika kashata ya nazi, sukari iliyeyuka majini, maji yakapungua motoni, na shira ilipokorogwa ikipoa, molekuli zilijipanga upya zikawa fuwele. Katika ile ya karanga, joto lilipita nyuzi 160 za sentigredi, sukari ikaanza kuvunjika na kugeuka kahawia, kisha ikapoa upesi mno, molekuli zisipate nafasi ya kujipanga. Nyuma ya hayo kuna kanuni moja ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza: maji ya moto hubeba sukari nyingi kuliko maji baridi. Gramu 100 za maji kwenye nyuzi 20 huyeyusha karibu gramu 200 za sukari. Yakikaribia kuchemka huyeyusha zaidi ya mara mbili ya hizo. Shira inayopoa, kwa hiyo, imebeba kuliko uwezo wake, na kitu kidogo tu, mwiko unaokoroga au punje ya sukari iliyobaki ukingoni mwa sufuria, huifanya iiachilie. Ndiyo sababu visheti vilivyotiwa shira na kugeuzwageuzwa hupata lile gamba jeupe. Hapo sufuria mbili zina kazi: shira ya moja ikorogwe inapopoa, ya nyingine isiguswe. Siku nyingine zote mbili zikorogwe, lakini moja itiwe maji ya ndimu ingali motoni. Tindikali ya ndimu huigawa sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, nazo huzizuia molekuli zilizobaki zisipangike kwa urahisi. Shira ile itachelewa kufanya chenga, au isifanye kabisa, na mtoto aliyetabiri kinyume chake atakuwa na jambo la kweli la kufikiria.

Huulizwa: shule isiyo na kipimajoto itafanyaje? Itafanya vizuri, na huenda vizuri zaidi. Tone la shira likidondoshwa katika bakuli la maji baridi hueleza shira imefika wapi: likiwa kidonge laini kinachobonyezeka, shira ina takriban asilimia 85 ya sukari, likivunjika kwa mlio, maji yamebaki kidogo sana. Njia hii haina hitilafu ambayo kipimajoto kinayo. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100, Nairobi kwenye karibu 95, kwa sababu ya mwinuko. Mpishi wa Nairobi anayefuata nyuzi 116 za kidonge laini katika kitabu kilichoandikwa pwani atapata shira iliyokauka kupita kiasi, wakati bakuli la maji litawapa wote wawili jibu moja. Madarasa ya miji hiyo yangeweza kubadilishana daftari na kuligundua hilo wenyewe.

Pingamizi jingine, kwamba huu ni mchezo unaokula muda wa mtaala, linajibiwa na historia yetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika, aliona mchanganyiko wa maziwa na sukari alioutia kwenye friza ungali moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Alichekwa, hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwanafizikia wa Dar es Salaam, walichapisha makala kuhusu jambo hilo. Wanasayansi bado wanabishana kama hutokea kweli, na kwa nini. Ninachokithamini hapo ni kwamba swali lilizaliwa katika kutengeneza kitu kitamu, kwa kuwa vyombo viwili vilikuwa kando kwa kando. Chombo kimoja kisingemwonyesha kitu.

Hofu ya moto naiheshimu kuliko pingamizi zote. Shira huwa na joto zaidi kuliko maji yanayochemka, na hunata kwenye ngozi. Mtoto wa shule ya msingi asiibebe sufuria wala asiimimine. Hiyo ni kazi ya mtu mzima, na maji safi ya kutosha yawe karibu, kwani aliyeungua hupoozwa kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Watoto wabaki na kazi zilizo kiini cha somo: kupima, kutabiri, kuangalia saa, kulichunguza tone likishapoa, kuandika. Ama kuhusu meno na afya, Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5. Robo kilo ya sukari ikigawanywa katika sufuria mbili inatosha jaribio la siku moja. Kwa darasa la watoto 40 kila mmoja anapata gramu 6 hivi, kama kijiko kimoja na nusu cha chai, na gharama yake kamati ya shule inaimudu. Watoto wasilambe kabla ya kuandika walichokiona.